Mtoto Asiyelala Usiku, na Yanayompasa Baba Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa vazi la viumbe, na usingizi kuwa raha ya miili yao, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyewahurumia wadogo na kuwaheshimu wakubwa, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baadu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Rum kuwa kulala kwa wanadamu usiku na mchana ni katika ishara zake. Na neno lililotajwa kuwa ni ishara ya Mungu haliwi neno dogo. Mtu aijua kadiri ya neema hii siku inapomtoka. Na hapana nyumba iijuayo zaidi kuliko nyumba yenye mtoto mchanga au mtoto mdogo asiyelala. Usiku wa kwanza watu husubiri. Usiku wa kumi hunung'unika. Usiku wa arobaini mama amedhoofu, baba amekasirika, jirani amechoka, na kila mgeni apitaye huacha shauri lake. Hapo ndipo wengi wanapopotea njia: mmoja akapoteza mali yake, na mwengine dini yake, na wa tatu akampoteza mtoto mwenyewe.

Desturi ya watu katika jambo hili yajulikana. Mtoto akilia usiku siku tatu mfululizo, husemwa ameguswa. Akiruka kitandani akipiga kelele na macho yamekodoka, husemwa amepandwa. Basi hutafutwa mpiga ramli. Naye hapungukiwi na jawabu, kwani hiyo ndiyo biashara yake. Atasema kuna jini wa baharini, au jirani mwenye kijicho, au wifi aliyezika kitu mlangoni. Watatakwa kuku wa rangi maalumu, na ubani, na kitambaa, na fedha. Na mtoto akilala vizuri usiku mmoja, sifa huwa ni za mganga. Asipolala, husemwa masharti hayakutimizwa, na fedha hutakwa mara ya pili.

Ni lazima kwanza haki isemwe bila ya kupunguza. Muislamu aamini kuwa majini wako, kwani Qur'ani imesema hivyo. Na aamini kuwa jicho ni kweli, kwani hivyo imethubutu kwa Mtume (S.A.W.) katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Asmaa binti Umays (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa watoto wa Jaafar hupatwa na jicho upesi, naye akamruhusu kuwasomea, ameipokea khabari hiyo Tirmidhi. Wala hapana ubaya mtoto kusomewa. Lakini kuamini kuwa jambo fulani laweza kuwa ni neno moja, na kudai kuwa jambo hilo ndilo lililotukia katika nyumba ya fulani usiku wa jana ni neno jengine kabisa. La kwanza ni imani. La pili ni madai juu ya ghaibu, na ghaibu haijui illa Mwenyezi Mungu. Ajuaye tafauti ya maneno mawili haya amekwisha kuokoka na nusu ya balaa.

Na yule apigaye ramli hukumu yake i wazi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa mwenye kumwendea mtambuzi na kumuuliza jambo, sala yake haikubaliwi masiku arobaini. Basi angalieni khasara hii: mtu atoka nyumbani kwake akitaka mtoto wake apate usingizi wa usiku mmoja, arejea hali amejipotezea thawabu za sala za masiku arobaini, na mtoto bado analia.

Amma hirizi, wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ile iliyoandikwa maneno ya Qur'ani na dhikri tupu. Wako walioiruhusu, wakitegemea khabari ya Abdullahi bin Amr (R.A.), kuwa aliwafundisha wanawe waliokwisha kupambanukiwa dua ya mtu anayeshituka usingizini, na wale wasiopambanukiwa akawaandikia na kuwatundika. Na wako walioikataza, wakitegemea ujumla wa hadithi zilizokataza kutundika vitu. Lakini hirizi yenye michoro isiyojulikana, na hesabu zisizosomeka, na majina ambayo hata aliyeyaandika hajui maana yake, hiyo haimo katika khilafu hiyo. Hiyo ni haramu. Na hata yule anayefuata kauli ya ruhusa na azingatie jambo moja la dhahiri: uzi uliofungwa shingoni mwa mtoto mchanga waweza kukwama alalapo na kumnyonga. Basi asiuvishe shingoni. Kumsomea mtoto na kumpangusa kwa mikono ni Sunna isiyo na shaka wala khatari.

Na hiyo Sunna ni nyepesi mno, hata baba hahitaji kumwita mtu kwa ujira. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga wajukuu wake Hasan na Husein kwa maneno yale yale ambayo Nabii Ibrahim (A.S.) aliwakinga nayo Ismail na Is-haka, ameipokea Bukhari. Na kila usiku alipokwenda kulala, alikuwa akiviunganisha viganja vyake, akasoma Kul Huwallahu na Kul Audhu mbili, akapulizia, kisha akapangusa mwili wake kadiri alivyoweza, mara tatu. Na Ayatul Kursiyu fadhila yake wakati wa kulala ni mashuhuri. Basi kwa nini baba ampe mwengine fedha ili amsomee mwanawe, hali yeye mwenyewe azijua sura hizi tangu chuoni? Kisomo cha baba mwenye huruma kina ikhlasi kuliko kisomo cha mtu anayetazama mfuko wake.

Lakini haifai mtu kusoma kisha akakaa. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi illa ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nayo ni uzee. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi dua na dawa ni mikono miwili ya mtu mmoja. Mwenye kuukata mmoja hakuuzidishia mwengine nguvu.

Sasa na ijulikane kwanza ni kipi kilicho maumbile na kipi kilicho maradhi. Wengi humhangaisha mtoto mzima kwa sababu hawajui vipi watoto wameumbwa. Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Tumbo lake ni dogo, naye huamka kila baada ya saa mbili au tatu ili anyonye, na hiyo ni haki yake wala si ugonjwa. Baada ya miezi mitatu hivi usingizi wake wa usiku huanza kurefuka, na wengi hufika miezi sita wakiwa walala muda mrefu zaidi bila ya kuamka, ijapokuwa watoto hawalingani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiasi cha usingizi kinachofaa kwa siku moja, usiku na mchana pamoja: mtoto wa chini ya miezi 4, saa 14 mpaka 17, wa miezi 4 mpaka 11, saa 12 mpaka 16, wa mwaka 1 na wa 2, saa 11 mpaka 14, na wa miaka 3 na 4, saa 10 mpaka 13. Na kwa watoto wa miaka 6 mpaka 12, matabibu wa usingizi wasema saa 9 mpaka 12.

Kisha ijulikane kuwa kila mwanadamu, mkubwa kwa mdogo, huamka kidogo mara kadhaa usiku, akajigeuza, akalala tena, wala asubuhi hakumbuki. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Lakini ikiwa kila siku amezoezwa kulala hali abebwa na kutembezwa, au ziwa limo kinywani, basi kila anapoamka usiku wa manane hukikosa kile alichokizoea, akalilia arejeshewe. Hakuna jini katika jambo hili, wala hakuna ukorofi. Ni mazoea, na mazoea hutengenezwa kwa mazoea. Mtoto aliyepita miezi sita, mwenye afya na anayekua vizuri, na awekwe kitandani hali usingizi umemjia lakini hajalala kabisa, mama au baba akae karibu, ampapase, amsomee kwa sauti ya chini. Kila baada ya siku chache kupapasa kupunguzwe. Hali hubadilika baada ya siku kadhaa, au wiki chache, kwa sharti nyumba nzima ishike njia moja. Wakifanya hivi leo na vile kesho, mtoto hujifunza kuwa akilia zaidi ndipo apewapo.

Amma maradhi yanayomkatiza mtoto usingizi, nayo ni mengi, na yote yana sababu za kujulikana. Homa ya malaria humfanya aweweseke. Maumivu ya sikio huzidi alalapo. Pumu huleta kikohozi usiku wa manane. Upele huwasha zaidi usiku, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna pamoja. Iko minyoo midogo myeupe, kama vipande vya uzi, itokayo usiku kwenye tupu ya nyuma kutaga mayai, ikamwasha mtoto hata asitulie. Na dawa yake ni nyepesi, ikitolewa kwa watu wote wa nyumbani na nguo za kulalia zikafuliwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma katika damu yake huweza kutapatapa miguu usiku kucha. Na mwenye ugonjwa wa seli mundu hupata maumivu makali ya mikono na miguu, naye mdogo hana ulimi wa kusema ila kilio. Masikini mtoto huyu! Mifupa yamuuma, na watu wamfukizia ubani.

Na katika maradhi yanayopuuzwa mno ni kukoroma. Watu huona mtoto akikoroma, wakacheka, wakasema amelala usingizi wa pono. Lakini mtoto anayekoroma kila usiku, akipumua kwa kinywa, na mara pumzi ikakatika kidogo kisha akashituka kama aliyekuwa akizama, huyo hakulala. Huyo anapigania pumzi. Mara nyingi sababu ni nyama zilizovimba nyuma ya pua na mafindofindo kooni, na matabibu wa pua na koo huweza kuziondoa, na wengi wa watoto hao hupata nafuu kubwa. Usiku asiopumua vizuri humfanya mchana awe mkaidi, mwenye hasira, asiyehifadhi alichosoma. Na wako wanaompeleka mtoto wa namna hii kukatwa kimeo kwa wembe wa mtu asiyesomea utabibu. Jambo hili limewatoa watoto damu nyingi na kuwatia vidonda vyenye sumu, na wengine wakafa. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kuwa mwenye kutibu watu hali hakujulikana kwa utabibu, ni juu yake kudhamini kilichoharibika. Ikiwa mkataji atadhaminishwa, je, baba aliyempeleka mwana kwa mkono wake, akamshika kichwa hali analia, ana udhuru gani mbele ya Mola wake?

Limebaki lile linalotisha watu zaidi, nalo ni kuruka usingizini. Mtoto wa miaka mitatu au minne, au mkubwa kidogo, amelala salama. Zikapita saa moja mpaka tatu tangu kulala, mara aketi, apige ukelele, macho yamekodoka, moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka, wala hamjui mamaye, na akishikwa husukuma. Baada ya dakika chache hujilaza, na asubuhi hakumbuki hata kidogo. Hili watu wengi pwani huliita kupandwa na shetani. Lakini matabibu walijua kwa majina na kwa wakati wake: ni mtoto aliyeamka nusu tu, mwili umeamka na akili imo katika kina cha usingizi. Aghalabu huwapo mtu mwengine katika ukoo aliyekuwa hivyo utotoni. Huzidi mtoto akichoka mno, au akiwa na homa, au akikosa usingizi wake wa kutosha. Na aghalabu huondoka wenyewe mtoto akikua. Tafauti yake na ndoto mbaya ni kuwa ndoto mbaya huja karibu na alfajiri, na mtoto huamka kweli, akamtambua mzazi, akaweza kuieleza.

Dawa yake ni nini? Asitikiswe wala asimwagiwe maji, wala asipigwe. Aangaliwe tu asijigonge wala asitoke mlangoni, asomewe taratibu, aachwe mpaka alale tena. Alazwe mapema. Ikiwa huja kila usiku kwa saa ile ile, basi aamshwe kidogo kabla ya saa hiyo kwa robo saa au nusu saa, kisha alale tena. Na ifanywe hivyo kwa wiki chache. Lakini akiwa akakamaa viungo, au ajitupa upande mmoja, au atoka povu na kuuma ulimi, au hali hiyo huja mara nyingi katika usiku mmoja, basi huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa hospitali. Huyo apelekwe kwa tabibu, wala asicheleweshwe kwa ngoma.

Sasa na itazamwe nyumba yenyewe, kwani mara nyingi ugonjwa umo katika desturi za wakubwa. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Na ameamuru watoto wazuiliwe nyumbani usiku unapoingia, mpaka ipite saa ya kwanza ya usiku, na milango ifungwe, na taa zizimwe. Wamepokea hayo Bukhari na Muslim. Angalieni basi hali za watu zilivyo kinyume. Taa yawaka mpaka saa sita. Wageni wa baba wazungumza na kucheka ukumbini. Mtoto wa miaka mitatu amepewa chai ya rangi kwa mkate saa tatu ya usiku, na chai ndani yake mna kitu kifukuzacho usingizi. Kisha apewa simu mkononi ili anyamaze, naye atazama picha zinazorukaruka mpaka macho yamekauka. Shirika lile lile la Afya lilisema mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 hafai kuwekwa mbele ya picha hizo, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Baada ya haya yote mtoto asipolala, husemwa nyumba hii ina majini!

Na utaratibu wa kumlaza ni mambo machache, ila yataka kudumu. Aamke saa moja kila siku, na alale saa moja kila siku. Mchana acheze nje apate jua na uchovu wa halali. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihyaa kuwa mtoto anaporudi chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, la sivyo moyo wake hufa. Usingizi wa mchana usimfikishe karibu na Magharibi. Baada ya Magharibi sauti zipungue, ale chakula chepesi, aoshwe, avae nguo ya kulalia, ende haja ndogo, asomewe sura zake, na taa izimwe. Chandarua kiwe kizima, na kunguni watafutwe kitandani. Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya kitanda kilicho imara, bila ya mito wala nguo nzito karibu na uso wake. Na kubembeleza si jambo la kudharauliwa: Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra, aliyataja katika Kanuni yake kuwa mtoto mchanga afaa kutikiswa kitandani kwa upole na kuimbiwa kwa sauti laini.

Hapa pana onyo kubwa. Kutikisa kwa upole si kumtikisa mtoto kwa hasira. Mtu aliyekosa usingizi masiku mengi huweza kumshika mtoto mabega akampukusa ili anyamaze. Kitendo hicho cha muda mdogo tu hupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa chake, na mtoto akafa, au akawa kipofu, au akaharibika akili umri wake wote. Mwenye kuona hasira imempanda, na amweke mtoto mahali pa salama, atoke chumbani, atawadhe, ampe mwengine zamu. Kilio hakijamuua mtoto yeyote. Mkono wa hasira umewaua wengi.

Na onyo la pili ni dawa za kulaza. Wako wanaowapa watoto dawa ya mafua au ya kikohozi wasiokuwa na mafua wala kikohozi, ili walale tu. Baadhi ya dawa hizo, kama promethazini, zaweza kumkatiza pumzi mtoto wa chini ya miaka miwili, akalala usingizi asioamka. Dawa haipewi mtoto ila kwa amri ya tabibu, kwa kiasi alichokitaja.

Baba akitaka msaada wa tabibu, na aende na ilmu. Na achukue daftari, aandike masiku kumi na manne: mtoto amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, amekula na kunywa nini, alikoroma au alijikuna, ukelele ulikuja saa ngapi. Daftari hilo litamfaa tabibu kuliko maneno mengi. Lakini mtoto mwenye homa naye amekataa kunyonya, au shingo yake imekakamaa, au apumua kwa shida, au amepatwa na degedege, au haamshiki, au alia kilio kisichonyamazishwa na lolote, huyo hangojei daftari. Apelekwe usiku ule ule. Na ujira wa tabibu na thamani ya dawa za mtoto asiye na mali ni katika nafaka iliyomlazimu baba, kama walivyoeleza wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Basi si hisani ya baba kumtibu mwanawe; ni deni.

Na khatima ya maneno ni haki ya mama. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Luqman kuwa mama humbeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu. Na katika Sura ya Bakara, ilipotajwa kunyonyesha miaka miwili na chakula na mavazi yaliyo juu ya baba, imekatazwa mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Basi mama huyu anayekesha masiku sitini, kisha alfajiri akapika, mchana akafua, na jioni akaambiwa kuwa yeye mzembe hajui kulea, je, huko si kumdhuru kwa sababu ya mwanawe? Wako wanaume wanaohama chumba, wakalala barazani au kwa rafiki, wakisema wana kazi asubuhi. Na wako waliofikia kutoa talaka katika usiku wa kilio. Na mama akizidi kukosa usingizi huweza kuingiwa na huzuni nzito, akalia bila ya sababu, akamchukia hata mtoto. Na hiyo ni maradhi inayotaka tabibu, wala si ukosefu wa imani.

Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akiingia katika sala hali ataka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kujua uchungu anaouona mama yake. Fikirini, ndugu! Alikuwa katika sala, mbele ya Mola wake, na nyuma yake safu za masahaba. Na kilio cha mtoto mmoja kikabadilisha sala ya jamaa nzima kwa ajili ya moyo wa mama mmoja. Basi ni mume gani ambaye usingizi wake ni mtukufu kuliko sala ya Mtume, hata kilio hicho hicho kisimtoe kitandani? Bi Aisha (R.A.) aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Baba na agawe usiku na mkewe: mama anyonyeshe, baba apokee, ambebe, amsomee mpaka alale. Mwenye kuamka kwa mtoto saa tisa ya usiku hatakosa rakaa mbili kabla ya alfajiri.

Na neno kwa walimu wa vyuo. Mwanafunzi anayesinzia juu ya ubao wake asikimbiliwe kwa bakora. Mtoto wa miaka saba aliyelala saa nne ya usiku, akaamshwa saa kumi na moja ya alfajiri, amelala saa saba tu; na kadiri yake ndogo kabisa ni tisa. Kila siku amekosa saa mbili, na katika siku sita amekosa saa kumi na mbili, yaani zaidi ya usiku mzima. Angelala saa mbili, mara baada ya Isha, angezipata tisa zake, na Alfajiri isingempita. Basi mwalimu na amuulize mtoto na amwite mzazi, kabla ya kuadhibu mwili ambao kosa lake ni kudai haki yake. Na chuo kinachosomesha baada ya Magharibi na kisiwacheleweshe wadogo baada ya Isha.

Kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto hakuomba kuja duniani, wala hana ulimi wa kushitaki. Ana kilio tu. Mwenye kukisikia kilio hicho akatafuta sababu yake kwa dua na kwa ilmu, huyo ameichunga amana. Na mwenye kukiziba kwa hirizi, au kwa kofi, au kwa dawa ya kulevya, au kwa kuhama chumba, huyo ataulizwa.

Ewe Mola, wape watoto wa Waislamu usingizi wa salama na kuamka kwa afya. Wape mama zao nguvu, na baba zao huruma, na matabibu wao uwongofu. Wakinge na kila shetani na kila mdudu mwenye sumu na kila jicho baya. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.